Kukarabati nyumba Dar ili iongezeke thamani: maswali mnayouliza kila siku

Haya maswali yanajirudia sana kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Nazungumzia Dar na pembezoni mwake, kuanzia Bunju na Madale mpaka Kigamboni, Chanika, Kibaha huko. Kama upo Arusha au Mbeya mambo ya joto na chumvi ruka, mengine yanafanana. Bei za vifaa sijaweka makusudi, saruji ya leo sio ya mwezi ujao, pita hadwea mbili tatu uulize mwenyewe.

Nataka kuuza nyumba, nina hela kidogo ya kukarabati. Nianze na nini?

Karatasi. Najua ulitegemea niseme rangi.

Mnunuzi mwenye hela ya maana ama anakopa benki ama anataka kesho na yeye aweze kukopea hiyo nyumba, na benki inataka hati. Chukua nyumba mbili zinazofanana kabisa mtaa mmoja, moja ina hati nyingine ina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, bei zake hazikutani, na ile ya pili wanakuja wateja wanaisifia wanaondoka. Kama eneo lenu limeshapimwa au lipo kwenye urasimishaji (ule mpango wa kupima makazi holela ili watu wapate hati) na wewe uliishia kulipa nusu ukachoka, malizia. Leseni ya makazi ni bora kuliko karatasi tupu lakini ni ya muda mfupi, sio hati. Na kwenye hati yenyewe angalia muda uliobaki, zinatoka za miaka 33, 66 au 99 na zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa humo, sio siku unayouza.

Alafu kuna hizi nyumba za urithi ambazo hati bado ina jina la mzee aliyefariki zamani na watoto wapo saba kila mmoja ana mawazo yake. Hapo hata uweke marumaru za dhahabu hauzi, mpaka mahakama impitishe msimamizi wa mirathi. Kodi ya pango la ardhi nayo lipa yote, mtu makini anafanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata mia, na deni la miaka nane likionekana ndo anapata sababu ya kukukandamiza bei. Na kama ni nyumba ya familia, mwenza wako lazima aridhie kwa maandishi, usisubiri siku ya kusaini ndo umwambie.

Hati ninayo. Sasa nifanye nini kwenye nyumba yenyewe?

Fikiria mnunuzi anaogopa nini. Anaogopa paa linalovuja, choo kinachojaa, maji yasiyotoka, ukuta wenye unyevu, umeme uliofungwa ovyo. Hivo vitu vitano kila kimoja akikiona anakata kwenye bei hela nyingi kuliko ambayo wewe ungetumia kukirekebisha, kwa sababu yeye hajui tatizo limefika wapi kwa hiyo anajikadiria mabaya zaidi. Urembo unakuja baadae, na urembo ni ladha yako, yeye ana yake.

Ukuta unavimba na kuvua rangi kwa chini, nimepaka mara tatu bado inarudi. Nipake rangi gani?

Hamna rangi ya hilo. Nasema hamna, hata ile ghali.

Kinachotokea ni hivi, unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia tofali na unabeba chumvi, ukifika kwenye plasta maji yanakauka chumvi inabaki, ikizidi inasukuma rangi mpaka inabanduka na chini unaona unga mweupe. Nyumba nyingi za Dar zimejengwa bila kuweka nailoni au lami kati ya msingi na ukuta, na nyingine fundi alichanganya plasta kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi kwa hiyo chumvi imo humo humo toka siku ya kwanza. Ukiwa na bahati mbaya chumvi hiyo hiyo ipo kwenye zege na inakula nondo taratibu, utaiona kwa nyufa zinazofuata mstari wa nondo na zege kumeguka.

Anza nje. Udongo uliorundikana ukutani kupita usawa wa jamvi (sakafu ya zege ya nyumba) utoe. Zungushia nyumba kibaraza cha zege chenye mteremko wa kukimbiza maji, funga gata ili maji ya bati yasichimbe chini ya ukuta. Bomba la bafuni linalovuja ndani ya ukuta litafutwe. Hapo ndo unaingia kwenye plasta: bangua yote iliyokufa mpaka upite alama ya unyevu kama nusu mita hadi mita moja, piga brashi ya waya, acha tofali zikauke, kisha piga plasta mpya ya mchanga safi na maji ya bomba yenye dawa ya kuzuia maji. Plasta ipewe kama wiki nne ikauke ndo uguse rangi. Mafundi hawapendi hizo wiki nne kwa sababu wanataka kumalizia hela yao, we kaza.

Wengine wanabandika marumaru ukutani nje mpaka kiunoni kuficha. Inapendeza miezi kadhaa, alafu unyevu ukikosa pa kutokea unapanda juu zaidi, alama inahamia juu ya marumaru. Na siku hizi wanunuzi wanakuja na fundi wao, anagonga gonga ukuta anajua.

Maji yanaongeza bei kweli?

Sana, pengine kuliko kitu chochote unachoweza kufanya kwa wiki moja. Bomba la DAWASA likiwepo ni vizuri lakini mgao upo, kwa hiyo mtu anataka kuona tenki juu ya mnara, mfumo unaoingiza maji ndani, fungua koko inatoka. Lita 5,000 kwa familia inaridhisha. Mnara uwe wa zege au chuma kilichopakwa dawa ya kutu, sio ule wa miti, tenki lililojaa la lita 5,000 lina tani tano pale juu na watoto wanacheza chini yake.

Kisima ni jambo zuri ila pima maji kwanza kabla ya kutangaza. Maeneo ya karibu na bahari unachimba unapata maji ya chumvi, yanafaa kufua na kudekia tu, na yataharibu hita na koko zako zote.

Na maji ya mvua watu wanayadharau. Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 mvua moja ya milimita 20, ambayo masika ni kitu cha kawaida, ni lita 2,400. Gata na bomba la kushusha kwenye tenki ni gharama ndogo, na papo hapo umeshatatua nusu ya lile tatizo la unyevu hapo juu.

Kuhusu choo?

Nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja cha kushea inakosa wateja wengi siku hizi, watu wanataka angalau chumba kimoja kiwe masta, yaani chenye choo na bafu lake ndani. Kama chumba kikubwa kipo na ukuta wake wa nje upo karibu na chemba, kukata kona ukaweka choo na bafu ni moja ya kazi zinazolipa. Usitoboe upande wa mbali na mfumo wa maji taka kwa sababu tu ndo unapendeza, bomba refu lisilo na mteremko wa kutosha litakuwa linaziba kila siku.

Shimo lenyewe: kama ni lile la kunyonya tu lililochimbwa bila tenki la septiki kabla yake, au linajaa kila mvua zikianza, hilo ni tatizo la kurekebisha kabla ya kuonyesha nyumba. Liwe mbali na kisima, angalau mita 30. Na kitu ambacho watu wanasahau wakijenga fensi, gari la kunyonya litafikaje? Ukishaweka geti jembamba na pevingi nzuri alafu shimo lipo nyuma kabisa uani, siku likijaa ni vita.

Niweke dari ya jipsamu ya madoido?

Jipsamu ya kawaida, nyoofu, na taa za kutosha, ndiyo. Zile za ngazi nne zenye rangi ya zambarau na taa zinazobadilika badilika kama ukumbi wa harusi, kama unaishi humo na unazipenda ni sawa, lakini usitegemee zirudishe hela. Mnunuzi atazitoa. Hakikisha paa halivuji kabla ya kupandisha jipsamu, bati likivuja doa moja la kahawia sebuleni linaharibu kazi nzima.

Marumaru?

Kama sakafu ni ya saruji iliyopasuka, ndiyo, weka. Rangi tulivu, na saizi moja nyumba nzima inafanya nyumba ionekane kubwa. Kununua: marumaru ya 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36, boksi la vipande vinne ni 1.44. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16, boksi 12 ndo zinatosha na kubaki kidogo cha kukata. Nunua boksi mbili za ziada kwa nyumba nzima na ziwe mzigo mmoja, ukirudi mwezi ujao rangi inapishana kidogo na inaonekana. Bafuni na barazani usiweke zile zinazong'aa, mtu akitoka kuoga anateleza anavunja kiuno.

Jikoni je?

Kabati, sinki linalotoa maji, sehemu ya kufanyia kazi ya graniti au marumaru, na dirisha. Kabati za mbao za kubandika zikigusana na maji zinavimba kama mkate, kwa hiyo zinyanyue kutoka sakafuni na upande wa sinki tumia kitu kinachovumilia. Mtungi wa gesi ukae nje na bomba liingie ndani. Na usibomoe jiko la nje. Kuna mtu atakuja kuangalia nyumba ya kisasa kabisa na swali la kwanza la mkewe litakuwa hivi maharage tutapikia wapi, gesi ya kuchemshia maharage nani analipa.

Bati la zamani, nibadilishe au nipake rangi?

Panda juu kwanza, au mpandishe fundi usiyemlipa kwa kazi ya paa, maana anayelipwa kwa paa jibu lake unalijua. Kama bati ni zima na shida ni misumari tu imelegea na mipira yake imeoza, badilisha misumari piga rangi ya bati, imetoka hiyo. Kama limetoboka, toa. Ukinunua jipya kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, yaani geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ndo ile ya kukunjika kwa mkono. Wauzaji wengine wanakwambia jina la aina ya bati tu, "msauzi", hawakwambii geji.

Bati likiwa wazi angalia kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Mchwa Dar hauna huruma, gonga mbao kwa nyundo, ikilia tupu hiyo imeliwa ndani. Piga dawa zote zilizobaki kabla ya kufunika. Na kama ni nyumba ya zamani yenye paa la asbesto usimruhusu mtu alikate kwa grainda, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, litolewe zima zima.

Fensi, geti na pevingi?

Fensi inaongeza thamani kwa sababu mbili, usalama na mpaka. Mtu akiona fensi hana wasiwasi wa mgogoro na jirani. Kwa hiyo jenga ndani ya bikoni zako (yale mawe ya mpaka ya wapimaji), usijaribu kuiba nusu mita ya njia, hiyo nusu mita ndo itakuja kukuletea mwenyekiti wa mtaa siku mnunuzi yupo. Pevingi usiweke uwanja mzima, sehemu ya gari na njia ya mguu inatosha, maji yanahitaji pa kuzama la sivyo unayaelekeza kwa jirani au sebuleni kwako.

Niongeze vyumba vya kupangisha uani, au fremu za maduka mbele?

Inategemea barabara. Fremu kwenye kichochoro wasipopita watu ni stoo yenye mlango wa chuma. Kwenye barabara ya daladala ni habari nyingine, lakini soma hati imeandika matumizi gani, kama ni makazi tu inabidi uombe mabadiliko ya matumizi manispaa.

Vyumba vya uani fanya hesabu kabla. Tuseme chumba masta kimoja kinakutoka milioni 9 mpaka mpangaji anaingia, na kitapangishwa 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka 1,800,000 kama hakijakaa wazi, kwa hiyo miaka mitano hela imerudi, weka matengenezo na miezi ya kusubiri mpangaji sema sita. Hapo ni biashara. Kama hesabu inatoka miaka 15 achana nayo, au jenga kwa sababu nyingine lakini sio kwa ajili ya bei.

LUKU (mita ya umeme ya kulipia kabla) kila mpangaji na yake kama inawezekana. Mita moja watu sita ni ugomvi wa kila jioni nani ana friji nani anapiga pasi. Na kuna hela pia hapo, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi bei yake ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, mkijazana familia nne mita moja hiyo nafuu hamuipati. Ila ujue kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa tangu 2023, kwa hiyo ukiongeza mita fuatilia isije ikakatwa mara mbili kwa jengo moja.

Kitu cha mwisho hapa, usiujaze uwanja. Nyumba ya familia ikishazungukwa na vyumba kumi vya wapangaji inageuka kuwa mali ya mwekezaji, mtu wa kuja kuishi na watoto wake hainunui, na mwekezaji anapiga hesabu ya kodi tu hana habari na jiko lako.

Nyumba ni pagale, haijaisha kujengwa. Niuze hivo hivo au nimalize?

Kama huna hela ya kumaliza yote, usiimalize nusu. Pagale lililopauliwa linauzika vizuri, mnunuzi anaona kivuli anaona mwisho. Lililoezekwa upande mmoja, plasta vyumba viwili, madirisha ya alminiamu mbele tu, hilo linamchanganya na hakulipi kwa ulichoweka. Kupaua na kuweka grili ndo sehemu nzuri ya kusimamia.

Naogopa eneo langu lipo karibu na barabara au mto. Nikarabati?

Usiweke hata ndoo ya rangi kabla hujajua. Waliokuwa Kimara mpaka Kiluvya wanakumbuka 2017, kulikuwa na nyumba nzuri mno zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Kwa mito na bahari sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nenda manispaa na TANROADS (barabara kuu) au TARURA (barabara za mitaani na vijijini), uliza kwa maandishi. Kwa mabondeni kama kando ya Msimbazi hakuna ukarabati unaorudisha hela, mnunuzi anaangalia alama ya maji ukutani.

Lazima kibali?

Kupaka rangi, marumaru, kabati, hapana. Kuongeza vyumba, ghorofa, kubomoa ukuta unaobeba jengo, fensi, ndiyo, kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri yako. Ramani iliyogongwa muhuri nayo ina thamani siku ya kuuza.

Nipo Muscat, natuma hela nyumbani wakarabati. Nifanyeje nisiibiwe?

Kwanza acha kutuma hela ya jumla na neno "malizieni". Tafuta mtu akupimie akupe orodha ya vifaa na vipimo, kila chumba. Nunua vifaa mwenyewe kwa kulipa duka moja kwa moja, ufundi lipa kwa hatua, hatua haijaisha hela haitoki. Mkataba wa ukurasa mmoja na fundi unatosha, uandike kazi, muda, na nani anabeba hasara ya kurudia. Picha usikubali za karibu karibu tu, omba video ya kutembea toka getini mpaka uani bila kukata, siku hiyo hiyo. Na kama msimamizi ni kaka yako mlipe, wewe mlipe kabisa ijulikane, asipolipwa atajilipa.

Nyumba yangu ni shilingi ngapi? Dalali kasema moja, jirani kasema nyingine.

Dalali anakwambia bei ya kukufurahisha au bei ya kuuza haraka, na juu yake kuna cha juu chake. Tafuta mthamini aliyesajiliwa, kuna Bodi ya Usajili wa Wathamini tangu sheria ya 2016. Atakupa thamani ya soko na ya kuuza kwa haraka, hizo mbili hazifanani, benki inapenda ya pili. Mlipe kabla ya ukarabati, sio baada, ili umuulize kabisa kipi anakihesabia na kipi hakihesabii.

Risiti za nini wakati naikarabati kwangu?

Kwa sababu ukiuza TRA wanatoza 10% ya faida kwa mkazi, na gharama za kuboresha nyumba zinapunguza hiyo faida kama una ushahidi. Risiti za EFD ni za karatasi ile inayofutika, zipige picha siku hiyo hiyo.

Bwawa la kuogelea? Masaki na Mbezi Beach kidogo, kwingine ni shimo la mbu.

Nifunge AC vyumba vyote? Chumba kikubwa na sebule. Nyingine acha nyaya na tundu tayari. Kabla ya AC weka madirisha mapana yenye wavu na yanayopishana, upepo wa bahari ni bure.

Rangi ya nje? Nyeupe ya maziwa, krimu, kijivu chepesi. Kijani kile cha kung'aa muachie mwenye duka la dawa.

Mwembe uani nikate? Usikate, kivuli Dar ni mali. Labda uwe umeegemea paa au mizizi imeshafika kwenye shimo la choo.